Mafunzo Niliyopata Nikipiga Kafi Ghuba ya Mwanza

1. Alfajiri ndiyo saa ya mtumbwi. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa, ndiyo maana asubuhi upepo huwa mwanana na hutoka bara kwenda majini. Jua likikolea hugeuka, na maji yaliyokuwa yametulia yanaanza kupiga povu kwenye Jiwe la Bismarck. Alfajiri hiyo ndipo wavuvi wa dagaa wanaporudi soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Wapishe, wamekesha. Na usiwapite kimya: "Mwangaluka!", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, inafika mbali sana juu ya maji.

2. Boya ni la kuvaa, si la kukalia. Mwanza hatuhitaji kuelezwa. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimekaribia kabisa gati la kisiwa cha Ukara.

3. Uangavu wa maji una wenyewe. Sisi tunaopita juu tunaona mawe ya chini, tunasema pazuri. Kwenye miamba hiyo wanaishi furu, samaki wadogo ambao madume yao hujipamba rangi kali. Mwekundu mmoja amepewa jina la kisayansi Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Jamaa yake ni wa buluu. Jike humchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba maji yakiwa na tope rangi hazitofautiki, na aina hizo mbili huanza kuzaa machotara. Kisiwani Makobe, kwenye maji maangavu zaidi, wekundu na wa buluu wamebaki mbalimbali. Sehemu za ndani ya ghuba wamechanganyika. Furu wakipotea, tumezoea kumtupia lawama zote sangara, aliyeletwa miaka ya 1950. Anastahili nyingi, kwa kweli. Lakini majitaka yetu na udongo unaoporomoka kutoka mashambani ndivyo vinavyowazimia furu taa.

4. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na mipaka yake inaingia hadi majini. Pitia kwanza ofisi ya hifadhi, Capri Point.

5. Maji kuwa maangavu si kuwa salama. Konokono wa kichocho hupenda kingo tulivu zenye majani, palepale panapovutia kutumbukiza miguu. Sukumia mtumbwi penye mawe. Ukishalowa, nenda kapime baada ya wiki kadhaa. Dawa yake, prazikwanteli, ipo.