Grafu ya kisima inapanda na kushuka bila pampu

Swali: Tuna kihisi cha kina cha maji katika kisima cha uchunguzi hapa Dodoma. Grafu inapanda na kushuka mara mbili kila siku, ilhali hakuna pampu jirani. Tumeshauriwa tuongeze kihisi cha mgandamizo wa hewa. Tukifunge wapi?

Jibu: Ushauri ni sahihi. Kihisi kisicho na mrija wa hewa hupima uzito wa maji pamoja na wa hewa iliyo juu yake. Katika ukanda wa tropiki mgandamizo wa hewa hufikia kilele karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Badiliko la hektopaskali 1 ni sawa na takriban sentimita 1 ya maji, ndiyo maana grafu yenu inacheza.

Kihisi cha hewa kining'inizeni ndani ya bomba la kisima hichohicho, karibu na mdomo, mahali ambapo maji hayawezi kufika. Humo kuna kivuli na joto halibadiliki sana. Toboeni kifuniko ili hewa ipite. Kikizibwa kabisa, vipimo vitapotoka. Saa za vihisi vyote viwili zilingane, na virekodi kwa wakati mmoja. Kisha toeni usomaji wa hewa katika ule wa majini.

Mkichukua vipimo vya hewa kwingine, msitumie mgandamizo uliorekebishwa kufikia usawa wa bahari: kwa mwinuko wa Dodoma, kosa litazidi mita 1. Na kila mnapopakua takwimu, pimeni kina kwa utepe ili kuhakiki.