Kuchagua Programu ya Kumbukumbu za Wateja

Mfanyabiashara, kabla ya kulipia programu, andika unachotaka ikufanyie: kukumbusha madeni, kufuatilia oda au kuhifadhi namba za wateja. Daftari likitosha, endelea nalo. Lisipotosha, muulize muuzaji maswali manne:

1. Je, inafanya kazi kwenye simu, hata mtandao ukikatika?
2. Ada ni ya duka zima au ya kila mfanyakazi?
3. Je, inapokea taarifa za malipo ya M-Pesa?
4. Nikiihama, nitaondoka na orodha yangu yote?

Swali la nne ndilo zito, kwani orodha hiyo ndiyo biashara yako. Ijaribu kwanza kwa wateja 10.

Kumbuka: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa zikivuja na kuhatarisha wateja, mjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72.