Kufundisha kwa Vitendo Namna Redio Inavyotenganisha Sauti na Wimbi

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikishia mafunzo kwa redio watu wazima wapatao milioni 2 nchini Tanzania. Chombo kilichofundisha taifa hakina budi nacho kieleweke darasani. Lakini mara nyingi mwanafunzi hukariri kwamba daiodi hutenganisha sauti na wimbi linaloibeba, akapata alama zake, na bado redio ikinyamaza mbele yake hajui aanzie wapi.

Zana. Somo hili halidai mengi. Mwalimu wa Nyakato, Mwanza, aweza kupata daiodi ya jemani, rizista na kapasita katika redio mbovu za mafundi wa mtaani. Zaidi ya hizo zahitajiwa mtambo wa kuzalisha mawimbi, osiloskopu na amplifaya ndogo. Mtambo uunganishwe kwa waya, bila antena, ili tusiingilie mawasiliano ya wengine.

Hatua ya kwanza. Tutoe wimbi la mitetemo 1,000,000 kwa sekunde, lililobebeshwa sauti ya mitetemo 1,000 kwa sekunde. Tulipitishe katika daiodi, kisha katika rizista ya omu 10,000 iliyowekwa sambamba na kapasita ya mikrofaradi 0.01. Sauti itasikika wazi.

Hatua ya pili. Kabla ya kubadili chochote, wanafunzi wazidishe ukinzani kwa ukubwa wa kapasita. Watapata mikrosekunde 100. Wimbi hurudia kila mikrosekunde 1, na sauti kila mikrosekunde 1,000. Basi kapasita hupungua chaji polepole mno kuweza kufuata wimbi, lakini upesi wa kutosha kuifuata sauti.

Hatua ya tatu. Tuwape kapasita mbili nyingine, ya mikrofaradi 1 na ya mikrofaradi 0.0001. Kila kundi liandike litarajialo kabla ya kuwasha mtambo. Kwa ile kubwa, muda unakuwa mikrosekunde 10,000. Kapasita haiwahi kushuka pamoja na sauti, nayo sauti hufifia na kukwaruza. Kwa ile ndogo, muda ni mikrosekunde 1 tu. Osiloskopu huonyesha meno ya wimbi yaliyobaki juu ya sauti.

Twasisitiza sharti la kuandika kwanza. Pasipo sharti hilo, jaribio hugeuka tamasha: wanafunzi hufurahia sauti, na kesho hawakumbuki sababu. Aliyeandika kinyume cha alichosikia ana swali lake mwenyewe la kujibu, wala mwalimu asiharakishe kumjibia.

Upimaji. Mwishoni tuweke kapasita mbovu kwa siri katika sakiti moja, tukawaombe wanafunzi waitafute kwa kupima na kueleza. Atakayeipata kwa hoja, wala si kwa kubahatisha, huyo amelielewa somo.