Kupunguzwa Kazi si Kupunguzwa Utu

Ndugu msomaji, leo somo letu linakwenda mjini, Dar es Salaam. Lakini usiseme, "Hayo ni ya watu wa mjini." Huenda una mdogo wako huko, au shemeji, au mtoto. Kila mwezi alikuwa akituma fedha kidogo. Sasa miezi minne imepita, hatumi, na simu hapokei. Usiharakishe kusema, "Huyo ametutupa." Labda amepunguzwa kazi na anaona haya kuwaambia.

Tutakwenda mpaka Mchikichini. Hii ni kata ya Ilala, karibu na Kariakoo. Jina lake linatukumbusha mti wa mchikichi, ule unaotoa mawese. Wasomaji wetu wa Kigoma wanaujua vizuri. Lakini siku hizi ukitaja Mchikichini watu hawafikirii mawese, wanafikiria nguo. Hapo ndipo lilipo soko kubwa la mitumba. Wengi huliita soko la Karume, kwa sababu liko jirani na Uwanja wa Karume. Nguo huja kwa marobota kutoka nchi za mbali, zinafunguliwa, zinachambuliwa, zinapigwa pasi na kutundikwa.

Ukipita kati ya meza za soko utaona vijana wengi. Lakini tazama vizuri. Utaona pia watu wa makamo, miaka 45 au 50, kalamu imechomekwa mfukoni mwa shati. Baadhi yao walikuwa na kazi za mshahara.

Neno "kupunguzwa" limetoka wapi?

Zamani mtu akiajiriwa katika shirika la umma alijiona amefika. Alijua atatoka hapo siku ya kustaafu. Mambo yaligeuka miaka ya 1990. Mashirika ya umma yalikuwa karibu 400. Mengine yaliuzwa, mengine yakafungwa. Serikali nayo ilipunguza watumishi wake. Maelfu ya watu walirudi nyumbani na barua mkononi. Na jambo hilo halikuishia hapo. Mwaka 2020, watalii walipoacha kuja kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, hoteli nyingi zilipunguza watu. Kampuni ikiuzwa, watu hupunguzwa. Mashine mpya ikija, watu hupunguzwa.

Neno lenyewe linauma. Sisi tunapunguza maji kwenye ndoo. Tunapunguza matawi ya mti. Basi mtu akiambiwa amepunguzwa, anajiona kama tawi lisilozaa.

Tazama tofauti hii. Alfajiri ya Januari 16, 2022, soko la Karume liliungua moto. Watu walipoteza mali na mtaji wao wote kwa usiku mmoja. Walilia, ndiyo. Lakini hawakujificha. Walisimama pamoja kwenye majivu, kila mmoja akijua kwamba jirani yake naye ameunguliwa, na baadaye wakarudi kuuza. Aliyepunguzwa kazi hana moto wa kuonyesha. Amepoteza peke yake. Usiku anajiuliza, "Kwa nini mimi, na si fulani?" Hapo ndipo moyo unapovunjika. Sisi tunaona kwamba hasara ya fedha ni nusu tu ya mzigo wake. Nusu nyingine ni haya.

Mfano wa mtunza stoo

Tuchukue mfano. Si habari za mtu mmoja, ni mambo yanayowapata wengi. Baba mmoja ana miaka 47. Amekuwa mtunza stoo kwa miaka 19. Amepunguzwa.

Je, alifanya nini kwanza? Alificha. Kila asubuhi alivaa, akaaga, akapanda basi. Akashuka, akakaa kwenye benchi mpaka jioni. Wiki tatu akafanya hivyo. Siku alipopata nguvu ya kumwambia mkewe, mama alimjibu, "Baba, mimi nilijua tangu wiki ya kwanza. Ulikuwa unarudi na njaa." Kumbe alikuwa anateseka bure. Na nauli ya wiki tatu ilikwisha kwenda.

Jambo la pili lilikuwa hatari zaidi. Alipopata kiinua mgongo chake alitaka kuonyesha watu kwamba bado yeye ni mkubwa. Alitaka kununua robota zima la nguo siku ya kwanza, aanze kama tajiri. Robota ni kitu kilichofungwa. Hujui kilichomo ndani mpaka umelipa na kukata kamba. Wazoefu wenyewe hupata hasara. Wangapi wamemaliza kiinua mgongo kwa miezi mitatu, si kwa ulevi, bali kwa kutaka kulinda heshima? Ni wengi, bwana.

Mkewe akamzuia. Akampeleka kwa kijana wa miaka 23, mtoto wa jirani yao, mwenye meza sokoni. Yule kijana akasema, "Shikamoo mzee. Karibu. Kwanza kaa na mimi, uangalie."

Sasa hapo ndipo pagumu. Mtu wa miaka 47, aliyekuwa na watu watano chini yake, afundishwe na kijana! Siku ya pili alichagua shati zuri akadhani amepata. Kijana akaligeuza. "Mzee wangu, hili liache. Tazama kwapani, lina doa. Halitoki hilo." Siku ya nne ilibidi apaze sauti kuita wateja. Sauti haikutoka. Mwenzake wa kazini wa zamani alipopita, mzee wetu aliinama nyuma ya nguo kana kwamba anatafuta kitu.

Ndugu msomaji, wewe unayajua haya kuliko sisi. Ulijifunza kusoma ukiwa mtu mzima. Unakumbuka siku ya kwanza ulipoitwa ubaoni? Mkono ulitetemeka. Labda mwalimu wako alikuwa na umri wa mwanao. Labda watoto walichungulia dirishani wakacheka. Je, moyo wako ulirudi kwa sababu mtu alikuambia, "Jipe moyo"? Hapana. Ulirudi siku ile ulipoandika jina lako, mtu mwingine akalisoma. Ni hivyo hivyo kwa huyu. Maneno ya kumtia moyo ni mazuri, lakini hayatoshi. Anahitaji kazi ndogo anayoweza kuimaliza leo, na watu wakaiona.

Wiki ya tatu ilikuwa hivi. Yule kijana alikuwa hodari wa kuuza, lakini hakuwa na hesabu. Alichukua nguo kwa mali kauli, yaani alipewa mali kwa neno lake tu, alipe baada ya kuuza. Jioni hakujua ipi ni faida na ipi ni fedha ya mwenye mali. Mzee akaguna. Akatoa kalamu. Akapiga mistari kwenye daftari kama alivyofanya stoo kwa miaka 19: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Wakahesabu pamoja. Mashati 10 kwa shilingi 3,000 kila moja ni shilingi 30,000. Kufua, pasi na nauli, 4,000. Jumla 34,000. Wameuza mashati saba kwa 5,000, wamepata 35,000. "Kwa hiyo leo faida mkononi ni shilingi 1,000," mzee akasema, "na mashati matatu bado yako kwenye kamba." Kijana alikuwa anadhani amepata elfu tano, nusura akazitumie.

Kesho yake jirani wa meza ya pili akaja na daftari lake. "Mzee, na mimi nisaidie."

Unaona? Mwajiri alichukua meza, kiti na mshahara. Ile akili ya kutunza vitu haikubaki stoo. Ilitoka mlangoni pamoja naye. Ila yeye mwenyewe hakuiona mpaka mtu mwingine alipoihitaji. Tangu siku hiyo aliendelea kufundishwa kuchagua nguo, na yeye akafundisha hesabu. Bado fedha ilikuwa ndogo kuliko mshahara wa zamani. Hatutaki kudanganya: wengi hawarudii mshahara ule. Lakini yule mwenzake wa zamani alipopita tena, mzee hakuinama. Alimwuzia suruali.

Usiondoke bila haki yako

Haya humfanya mtu aondoke haraka bila kuuliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mambo machache ambayo kila mtu ayajue. Mwajiri anayetaka kupunguza watu lazima atoe taarifa na kushauriana nao, au na chama chao cha wafanyakazi, kabla ya kuamua. Anayelipwa kwa mwezi apewe notisi ya siku zisizopungua 28, au alipwe fedha badala yake. Aliyefanya kazi mwaka mmoja au zaidi analipwa kiinua mgongo, mshahara wa siku saba kwa kila mwaka, lakini miaka inayohesabiwa haizidi 10. Mzee wetu alifanya kazi miaka 19. Inahesabiwa 10 tu. Saba mara 10 ni siku 70. Zaidi ya hapo ni hiari ya mwajiri au mapatano. Pia adai hati ya utumishi, na aende ofisi ya mfuko wake wa hifadhi ya jamii kuuliza juu ya fao la kukosa ajira. Akiona ameachishwa kwa uonevu, apeleke malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo zinapita upesi sana kwa mtu aliyejifungia ndani.

Akirudi kijijini

Siku moja utamwona anashuka kwenye basi, si Krismasi wala Idi, na sanduku lake lote. Tafadhali, usiku wa kwanza asiulizwe. Mpeni maji ya kuoga na chakula. Wapo watakaonong'ona, "Kafukuzwa, atakuwa ameiba." Maneno hayo yanaua. Wapo pia watakaompa pole kila asubuhi mpaka aone uchungu kutoka nje. Pole ya siku ya kwanza inatosha.

Mpeni kazi yenye jina. Chama cha ushirika hakikosi daftari la kupangwa. Kikundi cha kuweka na kukopa kinahitaji mtu wa kuhesabu. Kama alikuwa dereva, fundi bomba au mpishi wa hoteli, shule au zahanati haikosi kitu cha kutengenezwa. Na yeye akubali kufundishwa upya jembe. Mikono iliyokaa mjini miaka 20 hutoka malengelenge, na watoto watamcheka. Acha wacheke.

Lakini kuna hali nyingine. Mtu halali wiki baada ya wiki, hali, anakunywa pombe kutoka asubuhi, au anasema ni afadhali afe. Huo ni ugonjwa, si uvivu wala ushirikina. Asiachwe peke yake. Mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo, nao watamwelekeza hospitali. Dar es Salaam, Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na watu hutibiwa wakarudi kazini.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini mtunza stoo alijificha wiki tatu? Wewe ungefanyaje?

2. Mama alimzuia mumewe kununua robota. Je, alimvunjia heshima au alimwokoa? Wanawake wajibu kwanza.

3. Mtu anapunguzwa baada ya miaka sita. Kiinua mgongo chake ni mshahara wa siku ngapi?

4. Yale mashati matatu yaliyobaki yakiuzwa kwa shilingi 4,000 kila moja, faida yote itakuwa shilingi ngapi?

5. Katika kijiji chetu, nani amerudi kutoka mjini mwaka huu? Anajua kufanya nini? Kama hatujui, nani atakwenda kumwuliza?