NAMNA YA KUFANYA UCHUNGUZI WA KIELIMU

Mwanafunzi atakaye kufanya uchunguzi hana budi kujua kwamba kugundua jambo ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuliandika hata mtu mwingine aweze kwenda kulihakikisha mwenyewe.

Habari za Kanam, chini ya mlima Homa, katika Kaunti ya Homa Bay ya leo, zafundisha jambo hili. Mwezi wa Machi 1932, Juma Gitau, mfanyakazi wa Dr. Louis Leakey, aliokota kipande cha taya la mtu. Dr. Leakey alitangaza kuwa ni la kale mno. Mahali pale palitiwa vigingi vya chuma, lakini picha alizopiga ziliharibika, wala hapakuwa na ramani sahihi.

Mwaka 1935 alifika Profesa Percy Boswell, bingwa wa elimu ya miamba kutoka London, ili aonyeshwe mahali penyewe. Vigingi vilikuwa vimekwisha kung'olewa na watu wa karibu, ambao kwao chuma kilikuwa na kazi nyingine. Hata picha iliyodhaniwa kuwa ya Kanam ilionekana kuwa ya mahali pengine. Boswell alieleza katika gazeti la Nature kwamba ushahidi haukutosha, na sifa ya Leakey ikaingia doa.

Basi mchunguzi na ashike mambo manne:

1. Achague swali moja dogo. Aendaye kwenye kuta za mawe za Thimlich Ohinga, Migori, asiulize habari zote za kale. Na aulize kwa nini milango yake ni mifupi.

2. Aombe ruhusa kwa wenye mamlaka na kwa wazee wa mahali.

3. Aandike siku ile ile mahali, tarehe, vipimo na jina la shahidi. Asitegemee alama moja tu.

4. Atenge alichokiona na anachokidhani.

Katika rasi hiyo hiyo ya Homa, huko Nyayanga, kundi la Thomas Plummer lilitangaza mwaka 2023 zana za mawe na vipande vyake 330, pamoja na mifupa ya wanyama 1,776, vya miaka ipatayo milioni 2.6 hadi 3. Safari hii tabaka za udongo vilimotoka zilikuwa zimepimwa na kuandikwa, na atakaye kubisha aweza kuzichunguza.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu nayo ni mali.