SOMO LA OFISI YA TAWI: PICHA INAPOKATAA KUJA BAADA YA KUWASHA VPN



Somo la leo ni juu ya ugonjwa mmoja wa kompyuta unaoweza kuipata ofisi yoyote ya tawi, iwe ya kiwandani au ya shambani. Sisi hapa Mbuya ulitupata siku ya Ijumaa, tulipokuwa tunajitayarisha kukutana na mwajiri Jumatatu.

Wenzetu wa kiwanda kimoja walikuwa wamelalamika kwamba kila mwezi wanakatwa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya akiba ya NSSF, lakini akiba yao haiongezeki. Kwa sheria mwajiri naye hutoa asilimia 10, jumla iwe asilimia 15. Tulikusanya karatasi za mishahara, tukaandika orodha ya majina na makato. Orodha hiyo imo katika kompyuta iliyofungiwa chumba cha ndani. Katibu hakai humo. Yeye huifungua akiwa mezani kwake katika chumba cha mbele. Programu inafanya kazi ndani, na picha yake inaonekana kwenye skrini ya mezani.

Ijumaa hiyo picha ilikataa kuja. Ndugu mmoja akasema kompyuta imekufa, tuchange tununue nyingine. Wa pili akasema tuifute VPN kabisa. Wa tatu akataka tuondoe ulinzi wote ili picha ipite. Wote watatu walikuwa na nia njema, na wote watatu walikosea. Tuone kwa nini.

1. VPN hufanya nini?

Ujumbe wa kompyuta ni kama barua: una anwani ya anayepeleka na ya anayepokea. VPN huchukua barua hiyo na kuitia ndani ya bahasha nyingine iliyofungwa kwa siri. Bahasha hupelekwa kwanza kwenye mashine ya mwenye VPN, labda Ulaya, ambako hufunguliwa na barua kupelekwa mbele. Anayechungulia njiani huona bahasha ya nje tu.

Watu wengi wa Uganda walilijua neno hili kuanzia tarehe 1 Julai 2018, serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia Facebook, WhatsApp, Twitter na mitandao ya namna hiyo. Wengi waliwasha VPN wasilipe. Kodi hiyo iliondolewa Julai 2021, na badala yake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya data. Lakini Januari mwaka huo huo, wakati wa uchaguzi, intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa, na iliporudishwa Facebook ilibaki imefungwa. Kwa hiyo VPN ilizoeleka. Katibu wetu naye aliiwasha asubuhi ya Ijumaa ili asome yaliyoandikwa na wanachama huko Facebook, akasahau kuizima.

2. Kwa nini picha ilipotea?

Hapa pana jambo linalowachanganya hata mafundi. Mfumo wa kuonyesha picha tunaoutumia unaitwa X. Ulianza katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, na toleo lake la 11, la mwaka 1987, ndilo linaloendelea kutumika katika kompyuta za Linux na Unix. Katika mfumo huu skrini ndiyo mwenyeji, na programu ndiyo mgeni. Programu iliyoko chumba cha ndani lazima isafiri mpaka kwenye skrini ya katibu, igonge mlango namba 6000, ikaribishwe, ndipo ichore picha.

Sasa fikiri juu ya karani wa mshahara anayepita kwenye laini za shambani. Daftari lake linasema mfanyakazi anakaa nyumba namba 5. Akigonga akakuta mtu amehama, bahasha inarudi. Karani si mgonjwa, wala mfanyakazi hajafa. Ni anwani tu. Au anwani ni sahihi, lakini kuna askari mlangoni aliyeambiwa asimruhusu jirani yeyote.

VPN inaweza kuleta mambo hayo yote mawili. Huipa kompyuta ya katibu anwani ya pili, na programu ikipewa hiyo badala ya ile ya ofisini, inakwenda kusikofaa. Tena VPN nyingi huwa na amri ya kuzuia mtandao wa ndani ya nyumba, ili kila barua ipite kwao. Hapo hata barua ya chumba cha pili, hatua chache tu, haifiki.

3. Hatua za kutafuta kosa

Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukiandika ulichofanya. Anayebadili matano kwa pamoja hatajua lipi lililoponya.

Kwanza, zima VPN, kisha fungua programu upya. Picha ikija, kompyuta zote mbili ni nzima. Usinunue kitu.

Pili, washa VPN tena. Kutoka mezani, iite kompyuta ya ndani kwa amri ya ping na anwani yake. Isipojibu, yaelekea VPN inazuia mtandao wa ndani. Ingia kwenye mipangilio ya VPN, ruhusu mtandao wa ndani, ujaribu tena.

Tatu, ikijibu lakini picha haiji, uliza kompyuta ya ndani inapeleka picha wapi. Andika humo: echo $DISPLAY. Jibu likiwa anwani ya VPN, au anwani ya zamani, umelipata kosa. Jibu likiwa sahihi, tazama programu ya ulinzi ya kompyuta ya mezani, huenda ndiyo inayoufunga mlango.

Nne, na hii ndiyo njia bora ya kila siku: ingia kwenye kompyuta ya ndani kwa amri ya ssh -X. Hapo picha haitafuti mlango mwingine. Inarudi kwa njia ile ile uliyoingilia, tena ikiwa imefungwa kwa siri. Ukiuliza tena, jibu huwa kama localhost:10.0. Usiligeuze kwa mkono. Kama unahitaji VPN, iwashe kwanza ndipo uingie, kwa maana ukiiwasha katikati ya kazi njia inaweza kukatika.

Tano, kwa matawi ya mbali yanayofungua kompyuta ya makao makuu kupitia VPN: dirisha likifunguka halafu likabaki tupu, huenda bahasha ni kubwa mno. Kwa kawaida paketi moja hubeba baiti 1500, na bahasha ya VPN nayo hula nafasi. Mwombe fundi apunguze kipimo hicho, kwa mfano mpaka 1300.

4. Onyo

Yule ndugu wa tatu alitaka tuandike amri ya xhost +. Amri hiyo huiambia skrini imkaribishe mgeni yeyote kutoka kompyuta yoyote inayoweza kuifikia. Mgeni wa namna hiyo anaweza kuona yaliyo kwenye skrini na hata herufi unazoandika, pamoja na neno la siri. Katika orodha yetu mna majina ya watu waliothubutu kulalamika. Orodha hiyo ikimfikia msimamizi kabla ya mkutano, nani atakayelinda vibarua vyao? Kufungua skrini kwa kuvunja kufuli si utengenezaji.

Vilevile tusiiamini kila VPN ya bure. Mwenye mashine ya katikati ndiye anayeifungua bahasha ya nje. Na intaneti yote inapozimwa VPN haisaidii, kwa sababu haina barabara ya kupitia. Kwa hiyo orodha muhimu ichapwe pia kwenye karatasi na ifungiwe kabatini.

5. Ilivyokwisha

Kwetu kosa lilikuwa katika hatua ya pili. Tuliruhusu mtandao wa ndani, tukaingia kwa ssh -X, na picha ikaja huku VPN ikiendelea kufanya kazi. Hatukutumia hata shilingi moja. Jumatatu tulikaa mezani na orodha mkononi, na mwajiri akakubali hesabu zikaguliwe jina kwa jina.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Katika mfumo wa X, nani mwenyeji na nani mgeni? Eleza kwa mfano wa kazini kwako.
2. Kwa nini tunazima VPN kwanza kabla ya kugusa kitu kingine?
3. Katika ofisi yenu, nani anaweza kuiona orodha ya wanachama, na nani hapaswi kuiona?
4. Je, orodha yenu imechapwa kwenye karatasi? Imewekwa wapi?