Kiinitete Kilichogandishwa na Mpaka wa Ndoa

Kutafuta mtoto si aibu, wala si kukosa subira. Nabii Zakariya alimwomba Mola wake mtoto hali amekwisha kuzeeka. Basi na tuitazame tiba hii kwa elimu, si kwa uvumi.

Daktari huyatoa mayai ya mke, akayakutanisha na manii ya mume nje ya mwili. Yai lililotunga na kuanza kukua huitwa kiinitete. Ama hutiwa katika mji wa mimba baada ya siku tatu au tano, ama hugandishwa katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kikangoja mwezi mwingine. Kwa njia ya kwanza alizaliwa Louise Brown, Uingereza, mwaka 1978. Kwa njia ya pili alizaliwa mtoto Australia mwaka 1984. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa tiba hii, Nairobi, mwaka 2006.

Faida ya kugandisha ni dhahiri. Tuchukue mfano wa mke na mume wa Kakamega, wenye safari ya zaidi ya kilomita 300 mpaka Nairobi. Mimba isiposhika mara ya kwanza, kiinitete kilichowekwa humwepusha mke na kuanza upya sindano na kutolewa mayai.

Lakini tuseme wamerejea kwao, na mume akafariki. Je, mjane aende akatiwe kilichobaki? Hapa ndipo penye mtihani, kwani barafu haihesabu eda. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, Amman, mwaka 1986, liliikubali tiba hii kwa haja, baina ya mume na mke peke yao, likakataza yai, manii au tumbo la mtu wa tatu. Kwa hiyo wanavyuoni wengi husema: ndoa ikikoma, ruhusa nayo imekoma. Tena Jeddah, mwaka 1990, Baraza hilo lilitaka yatungishwe mayai ya kutosha kila safari tu, ili pasibaki ziada. Wako waliolegeza zaidi, kama Dar al-Ifta ya Misri, wakaruhusu kugandisha kwa masharti, la kwanza likiwa ndoa kusimama.

Basi kabla ya kutia sahihi, mke na mume na waulize: yatatungishwa mayai mangapi? Alama gani itazuia yasichanganywe na ya wengine? Na ikitokea talaka au mauti, kitafanywa nini? Majibu yaandikwe wangali wote wawili hai. Nasaba ya mtoto ni amana, nayo hulindwa kabla hajazaliwa.

Wallahu aalam.